Fundo la Kobe

Kila asubuhi, kabla watoto wa chekechea hawajavuka barabara kwenda uwanjani, wifi yangu hupita mbele ya kila mmoja, humwinua kidevu kwa kidole na kumtazama usoni. Madereva wa malori hupiga honi. Waendesha pikipiki hufyonya. Kuna msukuma mkokoteni aliyewahi kumuuliza kama anachagua wachumba. Yeye hageuki. Akimaliza wa mwisho hurudi kwa wa kwanza, kana kwamba huyo wa kwanza angeweza kutoweka wakati yeye yuko mkiani.

Watu humcheka. Mimi kumcheka ni haki yangu, maana ni mke wa kaka yangu, na wifi bila utani ni chai bila sukari. Lakini kwa hilo la videvu simcheki. Nilikuwepo siku lilipoanza.

Mtaani wanamwita Mwalimu Zamu. Jina hilo hakulipatia shuleni, alilipatia nyumbani kwetu. Alipoolewa na kaka yangu alikuta bomba moja uani na wapangaji wa vyumba vyote wakilipigania tangu alfajiri, ndoo kwa ndoo, tusi kwa tusi. Hakugombana na mtu. Alichukua chaki akachora mstari sakafuni, akaweka ndoo yake mwisho kabisa, akasimama nyuma yake. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki hazikuwa nyingi, mama yetu, yaani mkwe wake, akajikuta anasubiri zamu ya maji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alinung'unika, lakini alisubiri.

Kwao walizaliwa wengi na sufuria lilikuwa moja. Mwenye mkono mrefu ndiye aliyeshiba, na wifi yangu mkono wake ulikuwa mfupi. Hilo alinieleza mara moja tu, tukiwa tunakamua nguo, na hakulirudia. Tangu hapo nilielewa kwa nini mtu akimsukuma dukani huwa hasukumi naye, anasogea tu pembeni, midomo ameibana.

Tena ana wasiwasi, jamani. Akitoka nyumbani hurudi kuishika kufuli. Akipika huzima jiko, kisha huligusa, kisha huniita na mimi niliguse. Mvua ikitanda huuliza paa limefungwa na nini. Kaka yangu husema, "Huyu hata akizikwa ataamka aangalie kama kaburi limefukiwa vizuri." Naye jibu lake ni lile lile siku zote: "Wasiwasi ndiyo akili." Ukimuuliza hiyo akili inalala saa ngapi, anarudi kuligusa jiko.

Shule yetu ni nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kusomea, na jiko dogo nyuma ambamo mimi huchemsha chai na kukata mikate. Uani ukinyoosha mguu umegusa ukuta. Ndiyo maana kwa michezo walivuka barabara kuu kwenda uwanja wa mpira. Na michezo kwa wifi yangu haikuwa ya kupitisha muda. Ilikuwa ndilo somo lenyewe.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "hawa wameletwa wasome a, e, i, o, u. Wewe unawafundisha kukimbia. Kukimbia hata mbuzi wanajua."

"Mbuzi hawajui kusubiriana," akajibu.

Vifaa vyake vyote vilitoka kwa kaka yangu, ambaye hushona maturubai ya malori. Kutokana na mabaki alimshonea shuka kubwa la viraka, kila mtoto na kiraka chake pembeni. Wanalishika kwa kulizunguka, mpira unawekwa katikati, na wote wanaurusha juu kwa pamoja. Mmoja akiachia, shuka linalegea na mpira unaanguka. Basi kukawa na sharti. Mwenzako akienda chooni, wewe wa jirani unashika kiraka chako kwa mkono mmoja na cha kwake kwa mwingine, mpaka arudi. Huko ndiko kumshikia mwenzako. Sharti hilo wifi yangu alilipenda kuliko yote.

Kisha kulikuwa na kamba ya kuvukia. Ilikuwa kamba nene ya lori yenye mafundo, na kila fundo limefungwa utepe wa rangi yake, ili mtoto ajue lake. Asiyekuja siku hiyo, fundo lake lilivikwa mfuko wa plastiki. Wifi yangu hakuhesabu vichwa. Vichwa vya watoto havitulii, alisema. Ukifika katikati, vya mwanzo vimeshahama. Mafundo hayahami. Fundo lenye mkono ni mtoto, fundo tupu ni msiba. Nilimwona mara ngapi akirudi kutoka uwanjani, macho yake yanatembea kwenye ile kamba kama mtu anayechambua mchele, fundo kwa fundo, huku midomo ikimcheza.

Na kulikuwa na barafu. Mchezo huu kila mtoto anaujua: anayekimbiza akikugusa, unaganda ulivyo, mguu juu kama ulikuwa juu. Lakini wifi yangu aliutia masharti yake. Barafu haisogei. Barafu haisemi. Na barafu haiyeyushwi na mtu mmoja, lazima waje wawili, washikane mikono kukuzunguka, waseme pamoja, "Yeyuka!" Nilimuuliza kwa nini asiache mmoja atoshe. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwisho wa mchezo yeye mwenyewe hupiga makofi juu ya kichwa na kupaza sauti, "Barafu yote imeyeyuka!" Ndipo wote, waliogandishwa na wasiogandishwa, hukimbilia kamba.

Katika darasa lile walikuwemo wawili walionikosesha raha, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza tulimwita Bosi. Binti huyo mama yake ni muuguzi, na nyumbani ni mtoto wa pekee. Chochote alichokiona kilikuwa chake. Mpira wake, kiti chake, mkate wa jirani wake. Ukimwambia zamu ya mwenzako, anakubali kwa kichwa huku mkono umeshachukua. Aling'ata watoto wawili na mimi wa tatu.

Wa pili alikuwa Kobe. Huyo alilelewa na babu yake, kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye ndiye aliyempa jina hilo kwa upole wake. Kobe hakuwa mjinga, alikuwa mtiifu hadi unaogopa. Siku moja nilimwambia, "Subiri hapo nikuletee sukari," nikaitwa getini nikasahau. Niliporudi wenzake wameshacheza wamechoka, naye yuko pale pale mlangoni, kikombe mkononi, chai imeshika utando. Hakulalamika. Alinyoosha tu kikombe.

Wifi yangu akawaweka hao wawili pamoja, kiraka kwa kiraka, fundo kwa fundo. Nikamwambia unaweka moto na petroli. Akasema tutaona. Akahangaika na Bosi miezi mingi. Kobe akienda chooni, Bosi alitazama kiraka kinavyoning'inia na kusema, "Si langu." Mpira unaanguka, watoto wanaguna, wifi yangu anasema tutajaribu kesho. Nyumbani tukila alikuwa anaacha kijiko na kusema, "Leo alitaka kushika. Nimeona kidole kimesogea."

"Kidole," kaka yangu akasema.

"Kidogo tu, lakini kimesogea."

"Mke wangu, kula."

Siku yenyewe ilianza na mawingu. Wifi yangu alitoka nje kutazama mbingu, akaingia, akatoka tena. Mwishowe watoto wakamlilia sana akakubali, ila alibeba ile karatasi kubwa ya nailoni ambayo kaka yangu hufunikia mizigo, kwa ajili ya tahadhari. Nikamwambia aende, mvua hiyo ni ya jioni. Nilikuwa na hakika kabisa, kama nilivyo na hakika siku zote nisipojua kitu.

Yaliyotokea uwanjani alinieleza baadaye. Barafu ilikuwa imenoga, watoto wametapakaa kila upande, ndipo radi ikapiga karibu mno na matone makubwa yakafuata. Milango ya magoli pale uwanjani ni ya chuma, na jambo la kwanza lililomjia kichwani ni chuma na radi. Hakupiga makofi juu ya kichwa. Alilia tu, "Kambani! Kambani haraka!" Kila siku tunawaimbia watoto kuwa haraka haraka haina baraka. Watoto wakaja mbio wakashika, akawafunika wote kwa nailoni kutoka mbele hadi nyuma, vichwa ndani, mikono na miguu nje. Akapitisha macho kwenye mafundo. Kila fundo lilikuwa na mkono. Akapitisha tena kabla ya barabara. Kila fundo lilikuwa na mkono.

Mimi niliwaona kwa dirisha la jikoni wakiingia getini, nailoni moja yenye miguu mingi inayoruka madimbwi, nikacheka peke yangu.

Wakaingia wakichuruzika, kelele hadi darini. Vikombe nilikuwa nimeshavipanga. Wifi yangu akaivua nailoni, akaitundika dirishani na kusema kwa mgongo, "Kamba chini, mikono kwenye taulo." Kamba ikaanguka sakafuni, isipokuwa mwisho wake. Bosi alikuwa amesimama kizingitini, ngumi mbili zimebana.

"Bosi, weka kamba chini."

"Sitaki."

"Zamu ya kamba imeisha. Sasa ni zamu ya chai."

"Bado."

Nikaona wifi yangu amefumba macho kidogo, kama mtu ambaye nguo alizoanua zimelowa tena. Miezi yote ile, na mtoto amerudi kule kule kwenye changu changu.

Mimi subira hiyo sina. Nikaenda na kitambaa cha jikoni begani. "Wewe, hii kamba ya baba yako? Lete hapa." Nikavuta. Akavuta. Nikavuta tena, na yule mtoto asiyefika kiunoni kwangu akaegemea nyuma kwa nguvu zote na kupiga ukelele.

"Usivute! Hili langu, hili la Kobe! Namshikia Kobe! Bado hajaja!"

Wifi yangu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu watoke uwanjani akatazama nyuso. Akazipitia mara moja, akazipitia tena, akatazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya meza, mahali ambapo alijua hakuna mtu. Kisha akashika ukuta.

"Nimeangalia mafundo," akasema. "Wifi, nimeyaangalia yote."

Mwalimu wa chumba cha pili tulimwachia watoto. Tukatoka mguu niponye, yeye mbele, mimi nyuma na aproni yangu. Getini tukagongana na babu yake Kobe. Alikuja mapema kwa sababu ya mvua, mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika viatu vidogo vya mpira vyekundu.

"Nimemletea viatu," akasema.

Nilijua mimi ningesema nini. Ningesema Babu karibu, ingia unywe chai, tunarudi sasa hivi. Wifi yangu hakusema hivyo.

"Babu, Kobe hayupo. Nimemwacha uwanjani. Ni mimi."

Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Sasa mbona mmesimama?"

Kufika barabarani tukakuta kundi la watu. Pikipiki imelala ubavu, gurudumu bado linazunguka, na watu wamezunguka kitu kilicho chini. Niliogopa kusogea, na sioni haya kulisema. Wifi yangu, yule anayesimama nyuma ya ndoo, aliingia katika kundi lile kwa viwiko. Alimsukuma mwanaume mzima kando. Alimkanyaga mtu. Akapenya hadi katikati.

Lilikuwa gunia la viazi, limepasuka. Watu walikuwa wanaokota viazi.

"Mmemwona mtoto? Mtoto wa kiume, sweta ya bluu?" Hakuna aliyemwona. Mmoja akamwambia aokote kiazi kimoja atulie. Yeye ameshaingia barabarani, mikono juu, na lori likafunga breki hadi likapiga kelele. Sikuwahi kumwona akivuka bila kutazama kulia na kushoto mara tatu tatu.

Uwanja ulikuwa mtupu, umejaa maji. Upande mmoja kuna jukwaa la mashabiki lenye paa la bati, na mvua juu ya lile bati ilikuwa inatwanga hata hujisikii unavyofikiri. Nikaanza kuita. "Kobeee! Kobe weee!" Nilikimbia huku na huku nikiita, na kila nilipoita na kukosa jibu, moyo wangu ukaniletea jambo jipya. Ameshatoka akatufuata, gari. Kuna mtu amemshika mkono akaondoka naye. Mtoto anayefanya kila anachoambiwa, ukimwambia twende, si atakwenda?

Wifi yangu akanishika mdomo kwa kiganja.

"Usimwite. Hatajibu."

"Unasema nini?"

"Barafu haisemi." Alipangusa maji machoni. "Sikuwayeyusha, wifi. Radi ilipiga, nikasahau kuwayeyusha. Wenzake walikuja tu kwa sababu hawakugandishwa, au walidanganya. Kobe hadanganyi."

Akapiga makofi juu ya kichwa, akapaza sauti, "Barafu yote imeyeyuka!" Sauti ilimpasuka katikati. Akarudia. Bati likaimeza. Hatukuona mtoto akitokea popote.

"Twende nyuma," akasema. "Hupenda kujificha nyuma ya tangi."

Nyuma ya jukwaa kuna tangi la maji, na nyuma ya tangi kuna mtaro unaopokea maji yote ya lile paa. Siku za jua ni mtaro mkavu, watoto huruka ndani na kutoka. Mbele kidogo mtaro unaingia kwenye bomba la saruji linalopita chini ya barabara.

Kobe alikuwa mtaroni. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mikono ameitanua kama mtu aliyekuwa anaruka. Maji ya udongo yalikuwa yamempita magoti na yanapanda. Midomo imegeuka rangi. Mwili wote unatetemeka, lakini nyayo zake hazikusogea hata inchi moja. Maji yalikuwa yanamvuta suruali kuelekea kwenye lile bomba, naye amesimama.

Nikajirusha. Nilimdaka mkono nimtoe, lakini mtoto alikuwa mgumu kama ubao, akalia na kujivuta nyuma, na mguu wake ukateleza. Kidogo aende. Nikamwachia kwa hofu, akajisimamisha tena vile vile, mikono ameitanua.

"Usimvute!" wifi yangu akalia. "Udongo unateleza, utampeleka kwenye bomba!" Akashuka polepole upande wa chini, akajiweka kati ya mtoto na mdomo wa bomba, maji yakampanda kwenye gauni. "Kobe. Mchezo umeisha. Ni Mwalimu."

Kobe hakujibu. Macho tu ndiyo yaliyotembea. Yalimtazama yeye, yakaja kwangu, yakarudi kwake. Wifi yangu akaelewa kabla yangu.

"Wifi, shuka. Nipe mikono."

"Saa hizi ni za mchezo?"

"Mmoja hayeyushi. Shuka!"

Nikashuka. Maji yalikuwa ya baridi sana. Nikanyoosha mikono, naye akanyoosha yake, tukashikana kumzunguka yule mtoto. Miaka yote tumeishi nyumba moja, tumegombania jiko, sabuni, na kaka yangu. Tumepeana mkono wa salamu asubuhi na jioni. Mikono yote miwili hatukuwahi kushikana. Yake ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani.

"Yeyuka," akasema. Kisha akanitazama, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza, na sharti ni wote wawili kwa pamoja. Nilijua sharti. Nilikuwa nimelicheka mara nyingi vya kutosha kulijua.

"Yeyuka," tukasema.

Akatuangukia. Mwili wote ulilegea mara moja kama nguo iliyodondoka kambani, na wifi yangu akamdaka kifuani, nami nikawashika wote wawili, tukapanda kingo kwa magoti na viwiko. Juu kwenye majani ndipo Kobe alipoanza kulia, na alilia muda mrefu. Alipopata pumzi akasema:

"Niliwasikia mkiondoka, Mwalimu. Lakini sikutikisika."

Wifi yangu alimkumbatia tu, na mvua ikatupiga.

Babu alitukuta hapo. Mwavuli ulikuwa umepinduka na upepo. Alipiga goti, akamvua mtoto viatu vyake vilivyojaa maji, akamvisha vile vyekundu, mguu wa kwanza, mguu wa pili, mikono yake ya kinyozi ikikosea kosea. Ndipo akainua kichwa.

"Mwalimu, mtoto huyu ukimwambia simama, husimama. Ulijua hivyo."

"Nilijua, Babu."

"Ulijua."

"Ndiyo."

Mzee akampandisha Kobe mgongoni tukarudi, yeye mbele, sisi nyuma. Afadhali angemfokea. Ile njia ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Katikati ya njia wifi yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bosi nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli. Kamshikia fundo mtu ambaye hayupo, na mtoto kidogo afe."

"Nilimfundisha mimi. Nimemwomba miezi yote hiyo ashike, na leo ameshika. Leo, wifi. Nikimwambia amekosea, hatamshikia mtu tena maisha yake. Nikimwambia amefanya vizuri…" Akaruka dimbwi. "Nitamwambia nini?"

Nikamvuta mkono tuvuke barabara.

Tulipoingia, chai ilikuwa imepoa vikombeni. Mama yake Bosi, muuguzi, alikuwa ameshafika na sare yake ya kazini, amechuchumaa mlangoni anambembeleza binti yake. Amemwahidi peremende, amemwahidi mwanasesere, mwisho amemwahidi kiboko. Bosi hakusogea. Alikuwa amesimama palepale kizingitini tulipomwacha, kamba imelala sakafuni nyuma yake, ngumi mbili mbele. Alilia akanyamaza, makamasi yakamkaukia usoni kwa sababu hakuwa na mkono wa kujifutia.

Babu akamshusha Kobe. Bosi akamtazama kuanzia vile viatu vyekundu hadi juu.

"Ulikawia," akasema. Akamnyooshea ngumi ya kushoto na kuifungua kwa shida, kidole kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa chekundu, kimechorwa nyuzi za kamba. "Shika lako. Mkono unaniuma."

Kobe akashika fundo lake. Ndipo Bosi akamgeukia wifi yangu, na uso ule wa ubosi wote ukamtoka. Alikuwa mtoto mdogo tu.

"Mwalimu, nilimshikia vizuri?"

Wifi yangu akapiga magoti katika yale maji ya sakafuni. Akamwinua kidevu kwa kidole na kumtazama, muda ambao watu wazima huwa hatuwapi watoto.

"Ulimshikia vizuri sana," akasema. "Mimi ndiye ambaye sikumtazama."

Akatoka kwa Bosi akaenda kwa Kobe, akamwinua kidevu. Kisha kwa aliyemfuata, kisha kwa mwingine. Watoto walitulia kimya na vikombe vyao, kila mmoja akimngoja, na babu na yule muuguzi wakasimama wakitazama. Alimpitia kila mmoja. Akarudi kwa wa kwanza, akaanza upya.

Alipowamaliza akafika kwangu, pale mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama na aproni inayochuruzika. Kidole chake kilikuwa bado kimeinuka. Nilitaka kumtania. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Nikainua kidevu.